Kerneli mgeni, kumbukumbu ya mwenyeji: shajara ya mradi, Mtwara

Jumamosi, mnada wa korosho umeanza

Mahudhurio hafifu kwenye kikao chetu cha kuandika kerneli, kile kiini cha mfumo endeshi kinachosimamia prosesa na kumbukumbu. Dada yetu anayeshika mizani kwenye ghala la chama cha msingi huko Tandahimba hataonekana mpaka magunia yapungue, na yeye ndiye aliyeandika kigawa fremu, sehemu inayogawa vipande vya RAM. Basi leo hakiguswi. Kinafanya kazi, kiachwe. Kwa anayejiunga sasa: kila fremu ya KB 4 ina biti moja kwenye ramani, 0 ikiwa huru, 1 ikiwa imechukuliwa. Mashine ya MB 256 ina fremu 65,536, na ramani yake nzima inaenea kwenye KB 8. Si cha kasi sana, ila mtu akiusoma msimbo wake mara moja anauelewa, na kwa kerneli ya kujifunzia hilo ndilo tunalolitaka.

Kerneli yenyewe ni ya x86-64, aina ya prosesa za Intel na AMD, imeandikwa kwa C na asembli kidogo. Haiwaki kwenye mashine halisi. Inawaka ndani ya QEMU tu, programu inayounda mashine pepe (kompyuta ndani ya kompyuta), kwenye kompyuta mpakato ya yeyote aliyekuja Ligula, tunapokutana, siku hiyo. Kilichomo ndani ya mashine pepe kinaitwa mgeni, kompyuta ya nje ni mwenyeji. Hapo ndipo kazi ya wiki hizi inapoanzia. Prosesa za leo zina mambo mengi ya kumbukumbu ambayo kerneli inaweza kuyatumia: kurasa kubwa (zinazozidi KB 4), vizuizi vya usalama NX, SMEP na SMAP, na PCID, inayoharakisha kubadili mchakato. Msimbo wetu wa kuwasha umekuwa ukifungua kurasa kubwa na NX bila kuuliza, kwa kuwa kwenye mashine ya mwalimu wa fizikia, ile mpya, yote yapo. Kwenye mashine za wengine kila mtu na lake. Mmoja ana Linux yenye KVM, inayoiacha prosesa halisi iendeshe mashine pepe moja kwa moja, hana shida. Mwingine amenunua mpakato iliyotumika ambayo uwezo wa kuendesha mashine pepe umezimwa kwenye BIOS, na neno la siri la BIOS analijua aliyemuuzia Kariakoo, ambaye hapokei simu. Kwake QEMU inaiga prosesa nzima kwa programu, njia inayoitwa TCG. Wa tatu anatumia Windows na WSL2 (Linux ndani ya Windows), ambayo nayo tayari inaishi ndani ya Hyper-V, mfumo wa mashine pepe wa Microsoft, kwa hiyo kerneli yetu kwake ni mgeni wa mgeni.

Lengo: faili moja ya kerneli iwake kwa wote watatu, itumie kilichopo na isiguse kisichokuwepo.

Jumatatu usiku

Nimeanza na CPUID. Hii ndiyo amri ambayo programu huitumia kuiuliza prosesa wewe ni nani na una nini. Ndani ya mashine pepe jibu halitoki kwenye prosesa. Kwa VT-x, uwezo wa mashine pepe wa prosesa za Intel, CPUID lazima imtoe mgeni nje: haipavaiza (programu ya mwenyeji inayosimamia mashine pepe, kama KVM) inalipokea swali, inaandika jibu inalolitaka yenyewe, kisha inamrudisha mgeni ndani aendelee kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwa hiyo kerneli inasoma orodha aliyoiandaa mwenyeji, si orodha ya kiwandani.

Utaratibu wa kuuliza sasa umewekwa kwenye faili moja. CPUID inajibu kwa mafungu yenye namba, yanayoitwa majani. Kwanza jani la 0, linalotaja namba ya jani la juu kabisa. Ukilipita hilo, prosesa za Intel hazikukatalii. Zinakurudishia yaliyomo kwenye jani la mwisho zilizonalo, na hapo utaisoma SMEP kwenye biti ambayo kazi yake ni nyingine kabisa. Kisha jani la 1, na humo biti ya 31 ya ECX, mojawapo ya rejista (vihifadhi vya ndani ya prosesa) zinazobeba jibu: prosesa halisi inaiacha 0, haipavaiza inaiweka 1. Ikiwa 1, ndipo jani 0x40000000 lina maana, nalo linataja jina la haipavaiza kwa baiti 12 kupitia EBX, ECX na EDX. KVM inajiita KVMKVMKVM na kumalizia kwa sufuri tatu, TCG ni TCGTCGTCGTCG, Hyper-V ni Microsoft Hv.

Jina hilo tunalichapa kwenye skrini wakati wa kuwaka, basi. Halitumiki kwa uamuzi wowote. Nimeliandika hili kwa herufi kubwa juu ya faili kwa sababu kishawishi ni kikubwa cha kusema "ikiwa ni KVM, washa hiki". KVM haikuambii chochote kuhusu prosesa iliyo chini yake, wala kuhusu chaguo la -cpu alilolipiga mtu. Usipotaja chochote, QEMU inakupa qemu64, prosesa ya kubuni yenye vitu vichache, hata kama chini yake kuna mashine iliyotoka dukani jana. Ukitaja -cpu host unapata karibu kila kilichomo kwenye prosesa ya mwenyeji. Zote mbili ni KVM.

Kila kipengele sasa kina mstari wake kwenye jedwali la kerneli, wenye hali tatu: kimetangazwa, kimewashwa, kinatumika. Hakuna sehemu nyingine ya msimbo inayoruhusiwa kuita CPUID, inauliza jedwali.

Jumatano

NX. Inatangazwa kwenye jani 0x80000001, biti ya 20 ya EDX. Ikiwepo, unaiwasha kwa biti ya 11 ya rejista ya EFER, na kuanzia hapo biti ya 63 ya ingizo la ukurasa, kwenye majedwali yanayotafsiri anwani, inakataza msimbo kutekelezwa kutoka ukurasa huo. Isipowashwa, biti hiyo hiyo ya 63 ni ya akiba, haitakiwi kuwa 1.

Tulitaka kuona inavyovunjika. Tukaiwasha kerneli ya zamani kwenye mpakato yenye KVM kwa -cpu qemu64,-nx. Haikufika hata kwenye kurasa: ilipoandika EFER tu ikapigwa hitilafu ya ulinzi, namba 13, kwa sababu KVM inalinganisha kila kinachoandikwa pale na orodha iliyomtangazia mgeni. Tukaufuta mstari wa EFER, tukaiacha biti ya 63 mahali pake. Sasa ikapita, ikafika kwenye ukurasa wa kwanza wa data, ikausoma, na papo hapo ikaja hitilafu ya ukurasa, namba 14, yenye msimbo wa kosa 9. Tisa hiyo ni 8 na 1. Ile 1 inasema ukurasa upo; ile 8 inasema prosesa imekuta biti ya akiba imewekwa. Mtu anayeandika kerneli yake ya kwanza aiweke 9 hiyo kichwani. Ukurasa upo, anwani ni sahihi, ruhusa ni sahihi, na bado prosesa inagoma. Angalia umeandika nini kwenye ingizo ambacho prosesa hii haikitambui.

Marekebisho ni madogo. Biti ya NX si namba iliyoandikwa moja kwa moja kwenye msimbo tena. Ni thamani inayochukuliwa kwenye jedwali, na kama NX haipo thamani hiyo ni 0. Wanaojenga kurasa hawahitaji kujua tofauti.

Jumamosi

Kikao cha leo kimeliwa chote na swali moja, na sijutii.

Kerneli inachora ramani ya RAM yote kwenye nusu ya juu ya anwani, kwa kurasa kubwa kadiri inavyoweza. Kwenye ngazi ya tatu ya majedwali, biti ya 7 ikiwa 1, ingizo halielekezi tena kwenye jedwali jingine bali linakuwa lenyewe ukurasa wa GB 1. Ruhusa yake inatangazwa kwenye jani lile lile 0x80000001, biti ya 26 ya EDX. Kijana wa Mikindani alikuwa anapitisha toleo jipya na la zamani bega kwa bega, yote mawili kwa KVM na qemu64.

"Kaka, jedwali letu linasema kurasa za GB 1 hazipo. Toleo la zamani haliulizi, linazitumia tu, na linawaka vizuri. Sasa hapo muongo nani?"

"Zima, uwashe tena."

"Nimeshazima, kaka. Inawaka."

Na kweli ilikuwa inawaka. Tulifungua dirisha la usimamizi la QEMU tukapiga info tlb, na kurasa za GB 1 zikaonekana pale, zinatumika, kwenye prosesa iliyotangazwa kuwa haina.

Hakuna muongo. Jambo lenyewe ni hili. Prosesa zenye EPT, yaani majedwali ya pili ya mwenyeji yanayotafsiri anwani za mgeni kuwa za RAM halisi (kwa AMD kuna NPT, kazi ile ile), zinayasoma majedwali ya mgeni zenyewe, kwa saketi zake halisi, bila kumwita haipavaiza. NX haipavaiza inaweza kuizuia kwa sababu ina swichi yake kwenye EFER, na mgeni akiigusa swichi hiyo KVM inaona. SMEP, SMAP, PCID na majedwali ya ngazi tano yote yana swichi kwenye rejista ya CR4, na KVM inasimama pale pia. Ukurasa wa GB 1 hauna swichi. Ni biti moja tu kwenye ingizo lililo ndani ya RAM ya mgeni, na mgeni anaiandika RAM yake apendavyo. Saketi inayosoma jedwali haijui kitu kuhusu CPUID. Ikiwa prosesa halisi ina kurasa za GB 1, inaufuata ukurasa na kazi inaendelea. Waandishi wa KVM wenyewe wanalijua hili na wameliandika kwenye msimbo wao: EPT ikitumika, mgeni anaachiwa kurasa za GB 1 kama mashine halisi inazo, kwa sababu hakuna namna ya kumnyima.

Mwalimu wa fizikia akasema basi kuna faida ya bure hapo, tuichukue. Akaitoa mpakato yake nyingine, ile ya zamani aliyokuwa anafundishia, ambayo prosesa yake ina EPT lakini haina kurasa za GB 1. Faili ile ile ya kerneli ya zamani, amri ile ile. Skrini ikawaka, ikazima, ikawaka, ikazima. Hitilafu ya ukurasa yenye 9, na kwa kuwa ilitokea kabla hatujapakia jedwali la kushughulikia hitilafu, prosesa ikakosa pa kwenda, ikapata hitilafu ya pili juu ya ya kwanza, kisha ya tatu, na ya tatu maana yake ni kuanza upya. Weka -no-reboot kwenye amri ya QEMU, angalau isimame badala ya kuzunguka. Na kumbuka -d int, inayoandika kila hitilafu kwenye faili, inafanya kazi kwa TCG tu. Kwa KVM faili inabaki tupu.

Alipoiona, mwalimu aliifunga mpakato, akasema "haya, si ya bure".

Kilichoamuliwa: kipengele kinatumika kikiwa kimetangazwa, hata kama kisichotangazwa kinaonekana kufanya kazi. Kwa vile KVM haitatukamata tukikiuka, tumeandika mkaguzi wetu. Ni funksheni moja (kipande cha msimbo) inayoitwa kila baada ya kujenga majedwali: inapita ngazi zote, ingizo kwa ingizo, na ikikuta biti ambayo jedwali la vipengele halikuiruhusu, inachapa anwani, ngazi na thamani, kisha inaisimamisha kerneli. Ndani ya mashine ya MB 256 ukaguzi huo unapita bila mtu kuuhisi. Tutauacha hata kwenye toleo la kawaida.

Jumapili

Umeme umekatika tangu asubuhi, joto la kaskazi halisemeki. Nimekula ming'oko, nimelala.

Jumanne

PCID. Bila hiyo, kila mara kerneli inapobadili CR3, rejista inayotaja majedwali ya kurasa yanayotumika, kwenda kwa mchakato mwingine, tafsiri za anwani zilizohifadhiwa kwenye TLB zinafutwa, isipokuwa zile zilizotiwa alama ya kudumu. Ukiwa nayo, kila nafasi ya anwani inapewa namba ya biti 12, yaani namba 4,096 zinazowezekana, na TLB inazitofautisha. Miaka mingi kerneli nyingi hazikuijali sana. Ilipojulikana Meltdown, udhaifu wa usalama wa prosesa, Januari 2018, kerneli zikalazimika kutenganisha majedwali ya mtumiaji na ya kerneli, CR3 ikawa inabadilishwa kila ukiingia na kutoka kerneli, na ghafla kila mtu akaikumbuka PCID.

Masharti yake ni ya kukaba. Biti ya 17 ya CR4 inawashwa ukiwa tayari kwenye hali ya biti 64, na biti 12 za chini za CR3 wakati huo ziwe sufuri. Vinginevyo ni namba 13. Baada ya hapo, ukiandika CR3 na biti ya 63 ikiwa 1 unaiambia prosesa isifute kitu. Ukiiandika biti hiyo PCID ikiwa haijawashwa, namba 13 tena. TCG haina PCID kabisa, kwa hiyo kijana wa BIOS iliyofungwa ndiye mjaribu wetu mkuu wa njia isiyo nayo. Amefurahi kupata cheo.

Kuhusu mashine pepe hapa kuna habari njema, na ni nadra. Chini ya EPT mgeni akiandika CR3 hatoki nje. KVM haina haja ya kujua. Haikuwa hivyo zamani. KVM ilipoingia Linux 2.6.20 mwaka 2007, prosesa za Intel zilikuwa bado hazina EPT; ilikuja na prosesa za Nehalem mwaka 2008, AMD ikiwa imetangulia mwaka mmoja kwa prosesa zake za Barcelona. Kabla ya hapo haipavaiza ilishika majedwali ya kivuli: mgeni anaandika yake, haipavaiza inayatazama kwa jicho kali na kutunza nakala halisi inayotumiwa na prosesa. Kila CR3 ilikuwa safari ya nje na kurudi, na kila badiliko la jedwali lilikuwa na gharama. Ukisoma ushauri wa enzi hizo unaosema mgeni asiguse majedwali yake ovyo, angalia tarehe kwanza.

Ijumaa

EPT nayo ina bei yake. Wenzangu wawili walikuwa hawajaiona, kwa hiyo leo tumeichora ubaoni.

Mgeni ana ngazi nne za majedwali. Kila anwani iliyomo kwenye majedwali hayo ni anwani ya mgeni, si ya RAM halisi, kwa hiyo ili kusoma hata ingizo moja la mgeni prosesa inapita kwanza ngazi nne za mwenyeji. Ni kumtafuta mtu Chuno kwa kuelekezwa, na kila anayekuelekeza anataja jina la zamani la mtaa, hivyo kila hatua inabidi umuulize mwingine jina la sasa. Hesabu yake: ngazi za mgeni mara ngazi za mwenyeji, ujumlishe zote mbili. Nne mara nne ni 16, jumlisha 8, ni 24. Mashine isiyo pepe inasoma kumbukumbu mara 4 pale TLB inapokosa. Ya kwetu inaweza kufika 24.

Mgeni akitumia kurasa za MB 2, ngazi zake zinakuwa tatu na hesabu inashuka hadi 19. Mwenyeji akitumia MB 2 na mgeni akabaki na KB 4, ni 19 vile vile. Wote wawili wakiwa na MB 2 ni 15. Na ndiyo sababu majedwali ya ngazi tano hatuyagusi hata yakitangazwa: tano kwa tano ni 35, kwa anwani ambazo kerneli yetu haitazihitaji maishani mwake. Kwenye jedwali la vipengele mstari wake unasema kimetangazwa, hakitumiki.

Kwenye hali ya biti 64 kurasa za MB 2 zipo daima, hazihitaji CR4 wala biti ya CPUID, kwa hiyo ramani ya RAM sasa inajengwa kwa MB 2 kwanza. GB 1 inaongezwa ikitangazwa, KB 4 inabaki kwa kingo zisizofika MB 2 na kwa sehemu zinazohitaji ruhusa tofauti. Jaribio letu la kugusa kurasa bila mpangilio linamaliza mapema zaidi, tofauti unaiona bila saa. Upande wa mwenyeji hatukufanya kitu: QEMU inaiomba Linux ya mwenyeji kurasa kubwa kwa ajili ya RAM ya mgeni, na Linux inazitoa ikiwa nazo, mradi /sys/kernel/mm/transparent_hugepage/enabled isiwe never.

Jumamosi, mvua ya kwanza

Puto. Hili nimelingoja.

Mashine ya mwalimu inaendesha kerneli tatu kwa pamoja kwenye maonyesho, na RAM ya mwenyeji haitoshi zote zikipewa kubwa. Haipavaiza haijui fremu zipi za mgeni ziko huru. Kwake zote ni kurasa zilizowahi kuguswa. Puto ni draiva ndani ya mgeni: mwenyeji anaomba kumbukumbu, draiva inaziomba fremu kwa kigawa chake kama mteja mwingine yeyote, kisha inamtajia mwenyeji namba zake azichukue. Carl Waldspurger wa VMware aliueleza mtindo huu mwaka 2002 kwa ESX Server, na mpaka leo hajapatikana wa kuupindua.

Kwa virtio, mtindo wa vifaa vilivyobuniwa kwa ajili ya mashine pepe, kifaa hiki ni aina ya 5. Kwenye PCI unakitafuta kwa namba ya mtengenezaji 0x1AF4, kifaa 0x1002 kwa mtindo wa zamani au 0x1045 kwa mpya. Usanidi wake una namba mbili za kuangalia: num_pages, ambayo ni kiasi mwenyeji anachokitaka, na actual, kiasi ulichokwisha kutoa. Kipimo ni baiti 4,096 daima, hata kama kurasa zako ni za ukubwa mwingine. Unajaza safu ya namba za fremu, kila moja biti 32, unaiweka kwenye foleni ya 0, unasubiri. Foleni ya 1 ni ya kurudishiwa.

Ukiwa kwenye dirisha la QEMU unapiga balloon 128 na mashine ya MB 256 inaanza kupungua. Info balloon inakuonyesha ilipofika. Kabla ya kutoa tuliijaza fremu moja maandishi KOROSHO kuanzia mwanzo hadi mwisho, tukaitoa kwa puto, kisha tukaisoma kwa makusudi. Sufuri tupu. Mwenyeji alikuwa ameitupa kwa madvise, wito wa Linux wa kuachia kumbukumbu, na tulipoisoma Linux ikatupa ukurasa mpya mtupu, yaani ule ukurasa aliokuwa ameudai ukarudi kwetu kwa mlango wa nyuma. Hakuna hitilafu wala onyo. Kwa hiyo mkaguzi ameongezewa kazi: fremu iliyo ndani ya puto isionekane kwenye jedwali lolote, hata ile ramani ya RAM yote. Kufanya hivyo kwa fremu moja moja kunamaanisha kuvunja ukurasa wa MB 2 wa ramani kuwa vipande 512 kila mara.

Na mwenyeji anavunjika vile vile. Ukichomoa KB 4 kutoka katikati ya ukurasa mkubwa wa mwenyeji, Linux inaupasua, EPT ya eneo hilo inarudi kwenye KB 4, na zile 15 za Ijumaa zinaanza kupanda tena. Puto la fremu za hapa na pale linarudisha RAM kidogo huku likiharibu kasi ya iliyobaki. Linux yenyewe, kwenye utaratibu wake wa kuripoti kurasa huru ulioingia toleo 5.7 mwaka 2020, hairipoti vipande vidogo. Kwa x86 inaanzia MB 2.

Kwa hiyo tunahitaji fremu 512 zinazofuatana, zilizopangwa kwenye mpaka wa MB 2. Nilimpigia simu dada wa Tandahimba, nyuma yake nasikia watu wanahesabu magunia.

"Dada, kigawa chako kinaweza kunipa fremu 512 za mfululizo?"

"Za mpaka wa MB 2?"

"Ndiyo."

"Si maneno manane ya biti 64 yote sufuri? Ipo, kaka. Iko chini kabisa ya faili, nimeizima tu kwa sababu hakuna aliyeiomba. Haya, naitwa."

Ipo kweli. Mistari michache, inapita ramani kwa hatua za maneno manane. Puto sasa linatoa vipande vya MB 2 tu. Mwenyeji akiomba kiasi kisichogawanyika tunatoa kilicho chini yake, na actual inasema ukweli. Vikiisha vipande vizima, tunasimama hapo hata kama fremu moja moja zipo. Mwalimu anaona huu ni uchoyo. Mimi naona ni haki ya mgeni.

KSM, ile inayounganisha kurasa zenye maudhui sawa kati ya mashine pepe na ambayo iko Linux tangu 2.6.32 ya mwaka 2009, haihitaji msimbo wowote kwetu. Tumeiacha imezimwa kwa mwenyeji. Nayo inapasua kurasa kubwa ili kuunganisha vipande, na kwa kerneli tatu ndogo hakuna cha maana cha kuokoa.

Jumatano

SMEP na SMAP zimeingia. SMEP, inayoizuia kerneli kutekeleza msimbo wa mtumiaji, ni rahisi, biti ya 20 ya CR4, imeisha. SMAP, inayoizuia kugusa data ya mtumiaji, ni biti ya 21, ila inakuja na STAC na CLAC, amri za kufungua na kufunga kwa muda pale kerneli inapotaka kusoma data ya mtumiaji. Kwenye prosesa isiyotangaza SMAP amri hizo hazitambuliki, ni namba 6. Tumeandika matoleo mawili ya funksheni ya kunakili, na jedwali linachagua moja wakati wa kuwaka. Kerneli imewaka kwa qemu64, kwa host, kwa TCG ya -cpu max na kwenye WSL2, mkaguzi yuko kimya kote.

Kilichobaki ni puto kurudisha. Kuna biti ya 2 ya vipengele vya kifaa, inayomruhusu mgeni aliyeishiwa kumbukumbu kuchukua kutoka kwenye puto bila kungoja mwenyeji. Mwalimu anataka tuikubali daima. Mimi nataka mchakato uliokula kumbukumbu uuawe kwanza, maana mwenyeji akishawapa wengine RAM ile, kuichukua kwa nguvu kunaihamishia shida kwa mwenyeji, na huko kuna kerneli mbili nyingine. Dada wa Tandahimba anarudi Jumamosi. Kigawa ni chake, yeye ndiye atakayesema fremu zilizorudi zinaingia ramani kwa njia gani. Saa nane mchana, Ligula, na aliye na waya mrefu wa umeme aje nao.